Kompyuta Mbili, Zote Zikisubiri Shikamoo

Jumamosi, Oktoba. Dodoma. Jua kali, upepo na vumbi.

Leo jua limewaka tangu asubuhi kama lina kesi na sisi. Adhuhuri ukaja ule upepo wetu wa Oktoba, unaoingiza vumbi hata kwenye sufuria lililofunikwa. Mama alikuwa ameazima viti kwa majirani na kuviosha vyote tangu jana. Vikashika vumbi upya, akaviosha tena. Sasa hivi viko uani, visafi, na hakuna aliyevikalia zaidi ya muda wa kumaliza soda moja.

Posa yangu imerudishwa.

Nimeiandika peke yake ili niione vizuri. Haikukataliwa, maana kukataliwa kungekuwa na heshima yake. Imerudishwa kwa adabu, ikiwa kwenye kitambaa chake kilekile, haijafunguliwa. Washenga walikunywa soda zao, wakaomba njia, wakapanda gari lao kurudi Mlali. Festo hakuwepo, kwa kuwa mwoaji haendi na washenga wake, lakini najua mpaka saa hizi ameshaambiwa. Simu nimeizima. Sitaki kusikia sauti ya mtu anayenihurumia, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza.

Na sababu ya yote haya ni kompyuta. Ukimwambia mtu kwamba msichana wa Kigogo, mzima, mwenye kazi yake, amekosa kuposwa kwa sababu ya namna kompyuta mbili zinavyosalimiana, atadhani jua limenipanda kichwani. Kwa hiyo nitaeleza taratibu. Ninaeleza kwa ajili yangu mwenyewe zaidi. Nyinyi wachache mnaosoma blogu hii vumilieni, au mkapike.

Mimi ndiye ninayeshughulikia kompyuta kwenye kampuni moja hapa mjini inayonunua alizeti na karanga. Ni moja ya hizi kampuni zilizochipuka biashara ya mazao ilipoachiwa watu binafsi, baada ya ushirika kulala chali. Tuna vituo vya kununulia Mlali, Haneti na Gulwe, na kila kituo kina kompyuta moja na laini moja ya simu. Kila jioni kituo kinapiga simu ya Dodoma kwa kupitia kompyuta, kinatuma faili la mizigo iliyopokelewa siku hiyo. Kwa mafaili hayo mkurugenzi anapanga malori yaende wapi na anaomba mabehewa ya treni. Kituo ambacho faili lake halikufika, kwake ni kama hakikununua kitu.

Programu ya kutuma mafaili tuliyoikuta ilitengenezwa na watu wenye simu nzuri. Ilikuwa inaamini kwamba laini ikishika, imeshika. Huku kwetu upepo ukivuma waya zinagusana, laini inakatika katikati ya faili, na ile programu ilikuwa inaanza upya tangu mwanzo. Haneti walikuwa wanaweza kushinda jioni nzima wakituma nusu ileile ya faili lilelile. Nikakaa chini, nikaandika utaratibu wetu wenyewe. Faili likatwe vipande vidogo. Kila kipande kikifika Dodoma, Dodoma iseme imekipata. Laini ikikatika, kompyuta zikikutana tena ziulizane tuliishia wapi, ziendelee kutoka hapo. Na zisikate tamaa haraka, maana hapa hata simu ya mtu na mtu inahitaji subira.

Nilijivuna. Naandika hivyo bila aibu, ilikuwa kazi nzuri na bado ni kazi nzuri.

Halafu nikaongeza maneno. Ile programu ya zamani ilikuwa inaongea kwa namba na vifupisho vya Kiingereza, makarani wakiona vimetokea kwenye kioo wananipigia simu kuniuliza kama kompyuta imeharibika. Nikaona kompyuta zetu ziongee kama watu. Kituo ndicho kinachopiga simu, kwa hiyo kituo ndicho kinachobisha. Kwenye kioo unaona HODI. Dodoma inajibu KARIBU. Kituo kinasema SHIKAMOO, Dodoma inajibu MARAHABA, LETE. Vipande vinaanza kupita, kila kimoja na NIMEPATA yake, na mwisho KWAHERI.

Watu walicheka, lakini haukuwa utani mtupu. Karani akiona HODI inarudiwa bila KARIBU, anajua laini imekufa, akanywe chai. Na ile SHIKAMOO ndiyo iliyobeba jina la kituo na neno lake la siri. Bila hiyo Dodoma haijui ni nani aliyesimama mlangoni, na haipokei kitu kutoka kwa mtu isiyemjua. Karani wa Haneti alinipigia siku ya kwanza kuniambia kwamba sasa anaelewa anachokifanya, na kwamba kompyuta yake ina adabu kuliko wanawe.

Gulwe nilikuwa na Baba mdogo Yeremia.

Baba yangu alifariki nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Mdogo wake ndiye aliyetubeba. Wakati huo alikuwa mpima mizani wa chama cha ushirika, na kwa mshahara ule alinisomesha mimi pamoja na watoto wake, na sikumbuki hata mara moja alinifanya nijione ni mzigo. Ushirika ulipokufa akakaa nyumbani muda mrefu, amevaa koti lake la kazini, hana pa kwenda nalo. Kampuni yetu ikaja kumchukua kuwa mkuu wa kituo cha Gulwe, kwa sababu moja tu: wakulima wa kule wanaamini mizani akiisoma yeye. Akisema gunia lina uzito huu, mtu anaondoka bila kugeuka nyuma.

Kabla ya programu yangu, karatasi za Gulwe alikuwa anazileta mwenyewe kila mwisho wa wiki. Anakuja na koti lake na faili kwapani, anakaribishwa ofisini kwa mkurugenzi, anapewa chai, anaulizwa hali ya mazao na watu wanamsikiliza. Kisha anapita kwetu, Mama anamsongea ugali wa uwele na mlenda, tunaongea mpaka anachoka. Programu yangu ikazifuta safari zote hizo. Mimi nikadhani nimempunguzia mzee adha ya barabara. Aliniambia asante, na mimi nikaamini ni asante ya kweli.

Mwezi haukupita, jioni moja akanipigia ofisini.

"Joyce, hii kompyuta yangu inamwamkia nani?"

Nikamwambia inaiamkia ya Dodoma.

"Na ya Dodoma anakaa nani?"

"Ninakaa mimi, Baba mdogo."

"Na wewe ndiye unayenijibu marahaba."

Nilicheka. Niliona ni utani mzuri, nikamwambia si mimi, ni mashine. Akakata simu. Niliwasimulia wenzangu ofisini wakacheka na wao, na nilipofika nyumbani nikamsimulia Mama. Mama peke yake hakucheka. Alisema tu, "Igeuze, mwanangu," akaendelea kupepeta.

Baba mdogo mwenyewe alinipigia tena kuniambia hivyohivyo: geuza. Nikamweleza habari ya jina la kituo na neno la siri, kwamba anayebisha hodi ndiye anayejitambulisha, kwamba ndivyo kompyuta zilivyo duniani kote. Akasema yeye hakuniuliza ya dunia. Nikamwambia haiwezekani.

Ilikuwa inawezekana. Kama blogu hii ina kazi yoyote, basi ni kuandika hilo. Mstari mmoja, kwenye kompyuta ya Dodoma, kwamba simu ikiingia saa ya Gulwe kutuma, Dodoma itangulie kuamkia, kisha iombe jina. Ningeuandika chai ikiwa bado ya moto. Sikuuandika kwa sababu nilikuwa na haki, na mtu aliyesomeshwa na wengine akipata kuwa na haki mara moja huing'ang'ania kuliko mali. Nilijiambia nikianza kumbadilishia kila mzee kanuni zangu, mwisho kila kompyuta itataka kiti cha mbele.

Basi akaamua kugeuza mwenyewe.

Kwenye kila kituo niliacha faili dogo la mipangilio, lililoandikwa kwa Kiswahili chepesi, ili namba ya simu ikibadilika karani airekebishe bila mimi kusafiri. Humo ndimo yalimokuwa maneno yote: yapi ya kusema, yapi ya kusubiri. Karani wa Gulwe ni Rehema, binti mwelewa, mtiifu. Mzee akamwagiza aitoe SHIKAMOO kwenye maneno ya kusema aiweke kwenye maneno ya kusubiri, na MARAHABA aihamishe kinyume chake. Rehema akafanya. Mzee ni bosi wake na ana umri wa baba yake, angefanyaje?

Jioni hiyo Gulwe ikabisha HODI. Dodoma ikasema KARIBU. Kisha kimya.

Yangu ilikuwa inasubiri kuamkiwa kama nilivyoiagiza. Yake nayo ilikuwa inasubiri kuamkiwa kama alivyoiagiza. Zimekaa zinatazamana mlangoni, kila moja imekaza shingo, mpaka laini ikachoka ikakatika. Baada ya muda Gulwe inabisha tena, inakaribishwa tena, zinanyamaziana tena. Nilikuwa nimeziandikia subira nyingi, nimeshasema.

Mimi nikawalaumu watu wa simu. Niliona KARIBU imetoka na baada yake hakuna kitu, nikasema ni upepo, ni waya. Nikampigia Rehema, akawa ananijibu kwa mkato, baadaye nilielewa mzee alikuwa amesimama karibu yake. Ningeweza kuomba anisomee namba za mizigo kwa mdomo, lakini mkurugenzi alishatangaza kwamba hataki tena habari za mdomo, anataka mafaili. Kwa mkurugenzi, Gulwe haikununua kitu wiki ile. Behewa lililokuwa limeombwa kwa ajili ya Gulwe akaliachia, akalichukua mnunuzi mwingine. Magunia yetu yakabaki yamepangwa nje stesheni, ghala likiwa limejaa. Wakulima waliokuja na mizigo mipya wakaambiwa hakuna pa kuweka, wakaipeleka kwa washindani wetu, na wengine hawajarudi mpaka leo.

Nilitumwa Gulwe kuangalia. Nilifungua faili la mipangilio, nikaona papo hapo. Nilitoka nje nikamkuta Baba mdogo kwenye mizani. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaendelea kusoma mizani. Nikarudia kwa sauti. Akamwambia mkulima uzito wa gunia lake, akasogeza gunia linalofuata.

Sijawahi kufanyiwa hivyo na mtu yeyote, sembuse yeye. Nilirudi Dodoma na hasira, na nikiwa bado na hasira hiyohiyo mkurugenzi akaniambia niandike maelezo. Nikaandika kwamba mpangilio wa mawasiliano wa Gulwe ulibadilishwa kwa agizo la mkuu wa kituo, bila idhini ya ofisi. Kila neno ni kweli. Sikuandika kwamba mkuu wa kituo alikuwa ameniomba kabla, na kwamba nilimwambia haiwezekani wakati inawezekana.

Mkurugenzi alikuwa anatafuta kitu kama hicho. Baba mdogo alikuwa mwiba kwake, kwa sababu alikataa kumkata mkulima uzito wa vumbi na takataka bila kulifungua gunia na kuliangalia. Vituo vingine wanakata tu, gunia safi gunia chafu. Sasa mkurugenzi amepewa sababu, tena ya kisasa, tena imeandikwa na mtu wa ukoo wa mzee mwenyewe. Mzee akaambiwa apumzike. Ni mara ya pili katika maisha yake anaambiwa apumzike, na safari hii aliyemwandikia ni mimi.

Hayo ndiyo mambo yaliyoingia na washenga leo.

Mjomba wangu kutoka Haneti ndiye aliyekuwa anaongoza upande wetu. Kiti cha Baba mdogo kilikuwa mbele, kimefunikwa kitambaa cha Mama cha kudarizi. Tulikuwa tumemtumia ujumbe mapema, Mama mwenyewe alikwenda mpaka Gulwe kumwomba, na hakusema ndiyo wala hapana. Tukachukua kwamba atakuja. Wagogo wa ukoo wetu hatukosi kwenye posa, hata kama tumekosana kwenye mashamba. Washenga wakafika, wakakaa, wakaulizwa habari za safari mpaka habari za safari zikaisha. Zikaulizwa habari za mvua, na mvua yenyewe haijaja. Kila pikipiki iliyopita Mama aliinua shingo.

Mwisho Mjomba akatoka nje na simu ya jirani akampigia. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, upepo unaleta kila kitu. Nilisikia akimwambia wageni wanakusubiri wewe. Akasikiliza. Kisha akarudi ndani akamwambia Mama kwa Kigogo, polepole, akidhani sisikii.

"Anasema huyo mtoto ana kompyuta. Kompyuta impokelee posa yake."

Mama akakaa chini.

Mjomba hakuwa na la kufanya. Yeye ni wa upande wa Mama, hawezi kumtoa binti wa nyumba ya watu wakati ndugu wa marehemu baba yake yuko hai na hajatamka kitu. Aliwaeleza washenga kwa heshima kubwa kwamba mwenye neno amepata udhuru. Mshenga mkubwa, mtu mzima wa Mlali, aliuliza kama nyumba ina tatizo lingine ambalo wangependa kulijua mapema. Aliuliza kwa upole kabisa. Heri angetukana.

Nilichukia watu wengi kwa mkupuo mmoja pale jikoni. Nilimchukia Baba mdogo, aliyeamua kufa na tai shingoni kwa ajili ya neno moja kwenye kioo, akanivua nguo mbele ya wakwe. Nilimchukia mkurugenzi, ambaye leo atakuwa amekunywa chai yake vizuri. Nilimchukia yule mshenga na upole wake. Nilimkasirikia hata marehemu baba kwa kutokuwepo. Niliosha glasi moja mpaka Rehema akaniondolea mkononi.

Rehema alikuja jana kutusaidia jikoni. Kazi bado anayo, Gulwe sasa kuna mkuu mpya anayekata uzito wa vumbi bila kuangalia vumbi. Wageni walipoondoka tulibaki sisi wawili na vyombo, na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo alidhani nalijua.

Alisema siku zile za mwanzo, programu ilipofika Gulwe, mzee alikuwa anaita watu. Kila jioni muda wa kutuma ukikaribia anakwenda stesheni kuwaita wapagazi, wakulima wanaosubiri zamu, hata wafanyakazi wa reli. Wanajazana kwenye kile chumba kidogo, yeye anasimama karibu na kioo anawasomea maneno kwa sauti, maana wengine hawakusoma, na wengine Kiswahili chenyewe wanakisikia kwa shida, hao anawatafsiria. Hodi. Karibu. Shikamoo. Marahaba, lete. Na vipande vikianza kupita anawaambia, "Hii imeandikwa na mtoto wa kaka yangu. Hakuletewa na mtu, ameitunga mwenyewe."

Alifanya hivyo kila jioni, Rehema anasema, na kila jioni kama ni mara ya kwanza. Hakuwa ameona nani anamwamkia nani. Alikuwa anayaona maneno yangu tu.

Halafu jioni moja mnunuzi mmoja wa kampuni nyingine, mtu wa maneno mengi, alikuwa mlangoni. Akamwambia, "Kumbe mzee, kila siku unatuita tuje tukuone ukimwamkia mwanao." Chumba kizima kikacheka. Rehema anasema mzee naye alicheka. Aliwasubiri wamalize, akawaambia kazi imekwisha, wakatoka. Akafunga mlango, akamwomba Rehema anyanyue simu apige Dodoma.

Kumbe jioni aliyoniuliza kompyuta yake inamwamkia nani, ndiyo hiyo. Watu walikuwa bado wako nje ya mlango wakicheka, na alinipigia mimi, na mimi nikacheka.

Nimekaa na hilo tangu mchana. Limeharibu hasira yangu na halikunipa kitu badala yake. Nilikuwa nimeshaupanga ule uchungu vizuri, mzee mshamba anayegombana na mashine, binti msomi anayeonewa na ukoo. Ungefaa hata kuandikwa hapa, mngenipa pole nyingi. Sasa siwezi hata huo.

Mbona hakuniambia? Nimejiuliza, na jibu nalijua. Angeniambia nini, kwamba nimechekwa kwa ajili yako? Yule hakuniambia hata siku zile alipouza baiskeli yake ili nilipiwe ada, nilisikia kwa watu.

Mama anataka kesho niende Gulwe nikamwombe radhi ili washenga wa Festo warudi mwezi ujao. Na hapo ndipo ninapokwama. Nikienda kesho ataona nimeifuata posa. Nisipokwenda ataona niko vilevile. Nikipeleka kitenge na sukari ataona nimekuja kununua neno lake, na ninamjua, atapokea sukari kwa adabu na neno atabaki nalo. Ningekwenda wiki iliyopita, kabla sijamhitaji, ingekuwa kitu kingine. Wiki iliyopita nilikuwa na haki.

Nimefika ofisini jioni hii, mlinzi amenifungulia, nimekaa mbele ya hiyo kompyuta ndiyo ninayoandikia haya. Kwanza niliuandika ule mstari. Nimeupima, unafanya kazi. Kisha nikaufuta, kwa sababu Gulwe sasa hivi hayupo wa kuamkiwa. Yule mkuu mpya ni kijana, aiamkie Dodoma kama wengine.

Badala yake nimeandika maelezo mengine kwa mkurugenzi. Ni mafupi. Yanasema kwamba mkuu wa kituo cha Gulwe aliniomba nibadilishe utaratibu kabla hajaubadilisha yeye, kwamba ulikuwa unabadilika kwa urahisi, kwamba nilimjibu haiwezekani, na kwamba behewa lile lilipotea kwa sababu yangu kama yake. Nimeyaweka mezani kwake. Sijidanganyi kwamba atamrudisha mzee kazini. Atakachofanya ni kunitazama kwa jicho lingine, na labda na mimi niambiwe nipumzike. Nitaogopa Jumatatu. Leo nimechoka.

Festo nitamwambia asiwatume tena washenga mpaka nimwambie, na sitampa tarehe. Akiona ni mbali, atakuwa na sababu nzuri kuliko nyingi nilizosikia leo.

Na kesho nitakwenda Gulwe, mikono mitupu. Nitapanda basi la asubuhi la Mpwapwa, halafu gari lolote linaloshuka kwenda relini. Rehema anasema bado anashinda stesheni na koti lake, wakulima bado wanamletea magunia ayaone kwa macho kabla hawajayapeleka kwenye mizani ya mwingine. Jumapili watu wanakuwa wengi, wanangojea treni. Watakuwepo haohao waliocheka. Sitamfuata nyumbani, alikochekwa si nyumbani. Nitamwamkia palepale, mbele yao, goti chini, kwa sauti ya kusikika, na posa sitaitaja hata akiniuliza.

Naogopa atasogeza gunia linalofuata. Tangu nianze kusema nimemwamkia mtu huyu, na mpaka siku ile ya mizani kila mara aliitikia, nikiwa na kamasi, nikiwa na sare ya shule, nikiwa na mshahara wangu wa kwanza mkononi. Sikuwahi kufikiri kwamba marahaba ni kitu ambacho mtu anaweza kukunyima.